Taa ya king'amuzi inaongea na nani?

Leo tuongee kuhusu kitu kidogo kuliko punje ya mchele: ile taa iliyo mbele ya king'amuzi chako cha kebo. Pengine ni ya kijani, pengine nyekundu, au samawati kama kampuni yako inapenda mambo ya kisasa. Umekaa nayo miaka na labda hujawahi kuifikiria, mpaka siku ile picha inakatika dakika ya 85, Gor na Ingwe wako sare, na nyumba nzima inageuka kuitazama taa kana kwamba ni daktari anayetoka chumba cha upasuaji. Taa imetulia tuli. Kijani. Haina habari.

Mimi kazi yangu ni kuandika programu, na katika kazi hii kuna dhambi moja ambayo tulionywa nayo tangu mwaka wa kwanza chuoni: ujumbe wa hitilafu usiosema hitilafu ni ipi. "Kuna tatizo." Tatizo gani? Liko wapi? Nifanye nini? Sasa, taa ya king'amuzi nayo ni ujumbe wa hitilafu. Ni mfupi kupita kiasi, lakini ni ujumbe; kuna mtu aliyeketi mahali akaamua iwake lini na izimike lini. Maoni yangu ni kwamba katika visanduku vingi mtu huyo alifanya kazi mbaya. Sebuleni tunataka kujua shida iko wapi: kwenye kisanduku, kwenye waya au kwenye akaunti? Taa inajibu, "Nimewashwa." Asante sana, hilo tulishajua!

Kabla hujasema nakuza jambo dogo, kumbuka tulikotoka. Enzi za analogi picha yenyewe ndiyo iliyokuwa taa. Mawimbi yakipungua kidogo, chengachenga zinaingia kidogo. Yakipungua sana, unamwona msomaji wa habari kama mtu aliyesimama katikati ya posho mill. Mtoto mmoja yuko nje anazungusha mlingoti wa antena, wa pili yuko dirishani kupitisha ujumbe, wa tatu yuko mbele ya runinga anapiga kelele: "Rudisha! Rudisha kidogo! Hapo hapo, usiguse!" Tulicheka, lakini ule ulikuwa upimaji wa kweli wa mawimbi, na hata nyanya asiyejua kusoma aliuelewa.

Dijitali iliondoa hayo yote. Picha inabaki safi hata mawimbi yanapoendelea kudhoofika, kwa sababu kisanduku kinasahihisha makosa kimyakimya. Halafu mawimbi yakishuka chini ya kiwango fulani, picha inavunjika miraba miraba na kufa. Ni kama kutembea usiku kuelekea ukingo wa korongo: hatua mia moja uko salama, ya mia na moja haupo. Kenya tulihama kwa vurugu zetu. Februari 2015 mitambo ya analogi ya Nairobi ilizimwa, na vituo vikubwa vya kibinafsi, Citizen, NTV na KTN, vikakaa giza kwa zaidi ya wiki mbili vikivutana na Mamlaka ya Mawasiliano. Tarehe ya mwisho iliyokubaliwa kimataifa ilikuwa 17 Juni 2015. Wenzetu wa Tanzania walikuwa wameshaanza kuzima Dar es Salaam mwishoni mwa 2012. Mjadala wote ulikuwa nani atarusha matangazo na kisanduku kitauzwa pesa ngapi. Sikumbuki mtu akiuliza: tukishaondoa chengachenga, mwananchi atajuaje mawimbi yake yana hali gani?

Na jina tulilokipa kifaa hiki ni zuri mno kwa tabia yake. Kung'amua ni kutambua lililofichika. King'amuzi kinang'amua vituo mia na zaidi, ila ukikiuliza kinaumwa wapi, kinakukodolea jicho moja la kijani.

Tufungue kisanduku kidogo, maana bila hapo hatutaelewana. King'amuzi cha kebo kikiamka kinapanda ngazi. Ya kwanza ni stima: adapta inachukua volti 240 za ukutani na kutoa volti chache, mara nyingi 12. Ya pili, programu ndogo ya kuamsha inakagua mambo yake na kupakia programu kubwa. Ya tatu, kisanduku kinatafuta mawimbi kwenye waya. Mifumo mingi ya kebo Ulaya na hapa kwetu inafuata kiwango kiitwacho DVB-C, cha mwaka 1994, ambapo njia moja ya upana wa megahezi 8 inaweza kubeba takriban megabiti 38 kwa sekunde ikitumia mpangilio wa 64-QAM. Ndiyo maana vituo vingi vya TV vinabanwa kwenye njia moja kama abiria wa matatu saa kumi na mbili jioni, na njia hiyo moja ikiharibika vinapotea vyote kwa pamoja huku vingine vikiendelea kama kawaida. (Ukiona hivyo, mara nyingi shida ni ya waya au ya mawimbi. Runinga yako iache.) Ngazi ya nne ni ruhusa. Vituo vya kulipia vimefungwa kwa funguo zinazobadilika kila baada ya sekunde chache, na kadi iliyo ndani, au chipu inayofanya kazi ya kadi, inavifungua tu ikiwa kampuni imetuma ujumbe kupitia waya uleule kwamba umelipa. Ya tano ndiyo picha kutoka kwenda kwenye runinga.

Ngazi tano, na picha inaweza kukwama popote. Angalia sasa kwamba kila ngazi ina mwenyewe. Ya kwanza ni yako na fundi wa mtaani. Ya tatu ni ya mwenye waya. Ya nne ni ya idara ya malipo. Programu iliyo ndani ya kisanduku inajua vizuri imekwama ngazi gani. Haiwezi kupanda ya nne kabla ya kumaliza ya tatu. Habari ipo, iko sentimita chache nyuma ya kioo, na hakuna anayeitoa nje. Hilo ndilo linalonikera.

Basi ukijikuta mbele ya taa usiyoielewa, ushauri wangu ni usianze na rangi. Jiulize: nani anaiwasha? Kuna taa inayowashwa na umeme wenyewe. Imeunganishwa moja kwa moja na volti zinazoingia, na itawaka hata kama ubongo wa kisanduku umeungua. Kuna taa inayowashwa na programu, yaani mahali fulani kwenye msimbo kuna mstari unaosema "washa". Hiyo ikiwaka ujue programu ilifika kwenye mstari ule, basi. Programu ikiganda baadaye, taa inabaki vile ilivyoachwa, kama redio inayoendelea kuongea kwenye nyumba isiyo na watu. Na kuna taa inayofuata kipimo, inayowaka mawimbi yakishikwa na kuzimika yakiponyoka. Hii ya tatu ndiyo yenye thamani, na ndiyo wanayoibania.

Utazitofautishaje? Bonyeza rimoti. Kwenye visanduku vingi taa hupepesa kidogo kila unapobonyeza, na ikipepesa, programu iko hai. Ngazi mbili za kwanza umeshazivuka. Isipopepesa, mtuhumu rimoti kwanza. Fungua kamera ya simu, elekeza ncha ya rimoti kwenye kamera, bonyeza, na utazame kwenye skrini ya simu: ukiona mwanga hafifu wa zambarau au mweupe, rimoti inatuma. Kamera ya nyuma ya simu nyingine huchuja mwanga huo, kwa hiyo jaribu na ile ya selfi kabla ya kuilaumu.

Halafu angalia mpigo. Taa inayowaka, inazimika, inawaka tena kwa mpigo uleule kila baada ya sekunde kadhaa, bila picha kutokea, mara nyingi ni kisanduku kinachojaribu kuamka na kuanguka. Hapo mimi ningeshuku adapta kabla ya kitu kingine. Kapasita zilizo ndani ya adapta huzeeka, na joto linaziharakisha. Adapta inatoa umeme wa kutosha kuwasha taa, lakini kisanduku kinapoanza kazi nzito volti zinaporomoka na kila kitu kinaanza upya. Taa inahitaji umeme kidogo sana, kwa hiyo kuwaka kwake si ushahidi kwamba stima inatosha. Kabla hujauziwa kisanduku kipya, azima adapta yenye volti zilezile, ampea zisizopungua zilizoandikwa kwenye ya zamani, na ncha yenye mpangilio uleule wa chanya na hasi. Bei ya adapta na bei ya kisanduku ni mbingu na ardhi.

Lakini hapa ndipo ninapokasirika. Kisanduku cha kampuni moja kinapepesa kikikosa mawimbi. Cha kampuni nyingine kinapepesa kikiandika upya programu yake, kazi ambayo inaweza kuanza yenyewe usiku na kuchukua dakika kadhaa. Kwa cha kwanza, kuchomoa na kuchomeka tena hakuna madhara na kunaweza kusaidia. Kwa cha pili, kuchomoa katikati kunaweza kukiua kabisa, kwa sababu kumbukumbu inabaki na nusu ya programu ya zamani na nusu ya mpya. Kupepesa ni kulekule. Mwenye nyumba anatakiwa afanye mambo mawili yanayopingana, na ushahidi aliopewa ni mmoja. Ukimpa mtumiaji skrini kama hiyo kwenye programu ya benki, utafutwa kazi kabla ya chai ya saa nne.

Mtu ataniambia: ni taa tu, ungetaka iseme nini zaidi? Nitamwonyesha kifaa kinachokaa kando ya king'amuzi hicho hicho, kinacholishwa na waya uleule: modemu ya intaneti ya kebo. Modemu hizi zinafuata kiwango cha DOCSIS, kilichotoka 1997 chini ya CableLabs ya Marekani. Zinapoamka zinapanda ngazi kama king'amuzi: kutafuta mawimbi yanayoshuka kutoka kwa kampuni, kurekebisha nguvu ya mawimbi yanayopanda kwenda kwa kampuni, kupata anwani ya mtandao na faili la masharti, kisha kujiandikisha. Sasa tazama uso wa modemu ya kawaida. Taa ya Power. Taa ya DS, ya mawimbi yanayoshuka. Taa ya US, ya yanayopanda. Taa ya Online. Kila moja inapepesa wakati ngazi yake inaendelea na kutulia ngazi ikimalizika. Zinawaka moja baada ya nyingine, na ile inayobaki ikipepesa ndipo shida ilipo. DS ikipepesa bila kukoma, mawimbi hayafiki, tazama waya. DS imetulia na US inapepesa, unasikia lakini husikiki. Zote mbili zimetulia na Online inapepesa, waya ni mzima, mgogoro uko kwa kampuni au kwenye akaunti yako. Mtu wa darasa la saba anaweza kulisoma hilo akishaelezwa mara moja.

Tena si ubunifu mpya. Modemu ya Hayes Smartmodem ya 1981 ilikuwa na safu ya taa mbele, kila moja na herufi zake mbili: OH simu ikiwa imeinuliwa, CD mlio wa upande wa pili ukipatikana, SD ikituma, RD ikipokea. Waliokuwa na uwezo wa kununua modemu wakati ule walikuwa watu wa kompyuta, na watu wa kompyuta walidai kuelezwa. Mtazamaji wa TV alichukuliwa kuwa mtu wa kukaa kwenye kochi. Mimi naona tofauti yote kati ya vile visanduku viwili imetokana na hapo, na haina uhusiano wowote na ugumu wa kuunda kifaa.

Niwape mfano wa ploti yetu. Mama mmoja wa ghorofa ya chini, ambaye ananiita "kijana wa kompyuta" na hajawahi kuniita jina lingine, alikaa siku nne bila TV mwaka jana. Kisanduku taa ya kijani, runinga inasema hakuna mawimbi. Akapigia huduma kwa wateja, akaulizwa taa ni rangi gani. Kijani. Basi mama, kisanduku kiko sawa, angalia runinga yako. Fundi wa mtaani akaitwa, akabadilisha waya wa HDMI, akalipwa, akaenda. Hakuna kitu. Fundi wa pili akasema runinga ndiyo mbovu, iende dukani. Jumamosi nikateremka kumsaidia kuibeba.

"Mama, intaneti nayo iko?" nikamuuliza.

"Hiyo pia ilikataa, lakini watoto wako na bando za simu, sikujali."

Modemu ilikuwa nyuma ya pazia, juu ya kabati. DS inapepesa. Hapo hapo tukaacha kubeba runinga. Mawimbi hayakuwa yanafika kwenye nyumba, kwa hiyo runinga haingeweza kuwa na kosa. Tukafuata waya hadi kwenye ngazi, kwenye kile kigawanyaji kinachotoa nyaya za nyumba mbalimbali, na kichwa cha waya wake kilikuwa kimefunguliwa na kuning'inia tu. Mpangaji mpya alikuwa ameunganishwa wiki ile. Kampuni siitaji, maana sidhani ni ya kampuni moja. Yule mhudumu wa simu hakudanganya pia. Aliulizia rangi kwa sababu karatasi aliyopewa inasema aulizie rangi, na kijani cha kisanduku kile kilikuwa na maana moja tu: hakijazimwa kwa rimoti. Mama alilipa mafundi wawili na akapoteza siku nne za kifurushi alichokilipia kwa sababu ya taa iliyosema ukweli usio na kazi.

Turudi kwenye rangi basi, kwa kifupi. Taa ndogo nyekundu ndiyo iliyotangulia. Nick Holonyak aliionyesha 1962 akiwa General Electric, na nyekundu ikabaki kuwa rangi ya bei nafuu kwa miaka mingi. Samawati yenye mwanga wa kutosha ilisubiri miaka ya 1990, na waliofanikisha, Akasaki, Amano na Nakamura, walipewa Nobel ya fizikia 2014. Ndiyo sababu kila kifaa kilichotaka kuonekana cha kisasa kikajaa samawati, na samawati kwenye kisanduku haina maana yoyote ya asili. Kuna kiwango cha kimataifa cha rangi za taa za mitambo, IEC 60073, kinachosema nyekundu ni hatari, njano ni tahadhari, kijani ni salama. Kwenye vifaa vya sebuleni nyekundu imekuwa ya usingizi, yaani kila kitu shwari, lala salama. Isitoshe, kuna visanduku vinavyotumia taa moja inayobadilika kati ya nyekundu na kijani. Miongoni mwa wanaume wenye asili ya Ulaya kaskazini karibu mmoja kati ya 12 ana shida ya kutofautisha rangi hizo mbili. Kwetu Afrika idadi ni ndogo zaidi, lakini watu hao wapo, na kwao taa ile haibadiliki kamwe.

Na hiyo nyekundu ya usingizi nayo inadanganya. Watu wengi wanaisoma kama "imezimwa". Mwaka 2011 shirika la mazingira la NRDC la Marekani lilichapisha utafiti kuhusu ving'amuzi vya nchi hiyo, likakuta kwamba karibu theluthi mbili ya umeme vinavyokula huliwa wakati hakuna mtu anayetazama. Vingi vilikuwa vinakula karibu sawasawa vikiwa macho na vikiwa "usingizini", kwa sababu vinaendelea kusikiliza waya wakati wote, visikose ujumbe wa ruhusa au programu mpya. Watengenezaji wamepunguza ulaji huo tangu wakati huo, lakini nyekundu bado haimaanishi imezimwa. Kwa mtu anayenunua stima kwa tokeni, taa hiyo ingekuwa na la maana la kumwambia.

Hoja ya upande wa pili naijua. Watasema gharama. Jamani, taa yenyewe ni kitu cha senti, na kile kisanduku tayari kina chipu inayofungua funguo za siri kila sekunde kadhaa. Taa tatu za ziada hazitamfilisi mtu. Watasema pia kwamba maelezo yako kwenye skrini. Hii ina uzito kidogo. Waulize watu wenye dishi maana ya E48 na watakuambia ni mawimbi, mvua, dishi limeyumba. Waulize E16 watakuambia hujalipa. Hakuna aliyewapa darasa. Walijifunza kwa sababu namba ni ileile leo, kesho na nyumba ya jirani, na huo ni ushahidi kwamba wananchi hawana uvivu wa kusoma ishara zikiwa na msimamo. Lakini skrini inasaidia tu ukishafika ngazi ya tano. Kisanduku kisichoamka hakina skrini, na kilichounganishwa kwenye runinga mbovu hakina skrini. Taa ndiyo inayobaki ikiwa vingine vyote vimekufa, kwa hiyo ndiyo inayofaa kujua mengi.

Watu wa usalama wana hoja yao pia, na ni ya kufurahisha. Mwaka 2002 watafiti wawili, Loughry na Umphress, walionyesha kwamba taa za baadhi ya vifaa vya mawasiliano zilipepesa sambamba na data yenyewe, kiasi kwamba mtu wa mbali mwenye kifaa sahihi angeweza kuisoma data kutoka kwenye mwanga. Kwa hiyo naam, taa inaweza kusema kupita kiasi. Kusema "mawimbi yapo" au "mawimbi hayapo" hakumfichulii mtu siri yoyote, ila siri ya aliyelegeza waya.

Ninachotaka ni kidogo. Mamlaka ya Mawasiliano tayari ina utaratibu wa kuidhinisha vifaa vya mawasiliano kabla havijauzwa nchini. Vinakaguliwa visivuruge mawimbi ya wengine na vifuate viwango. Kwenye orodha hiyo iongezwe kwamba kisanduku kiwe na taa nne tofauti, kila moja na jina lake: stima, programu, mawimbi, akaunti. Ziwake kwa mpangilio huo kutoka kushoto, zipepese zikiwa kazini na zitulie zikimaliza. Kuandika programu mpya kuwe na mpepeso wake wa kipekee ambao haufanani na mwingine wowote. Na chini ya kisanduku, palipobandikwa ile karatasi ya namba za kiwanda, pawe na maelezo hayo kwa Kiswahili na Kiingereza, lugha zote mbili rasmi za nchi hii. Siombi hisani. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mtumiaji haki ya kupata habari anazohitaji ili afaidi kikamilifu bidhaa na huduma. Kama kijani kisichoelezwa ni habari za kutosha, basi mimi ni rubani.

Najua taa itakayopigwa vita ni ya nne. Taa ya akaunti ikiwaka imetulia na taa ya mawimbi imezimika siku nne mfululizo, mteja ana ushahidi mkononi kwamba amelipa na hajapata huduma. Atapiga picha kwa simu, yenye tarehe na saa, na atauliza siku zake nne zirudishwe. Leo hana cha kuonyesha isipokuwa neno lake dhidi ya neno la kompyuta ya kampuni, na mazungumzo yanaanza kwa yeye kuulizwa taa ni rangi gani.

Wakati tunasubiri, fanya hivi usiku wa leo kila kitu kikiwa kizima. Hakikisha kwanza kisanduku hakiandiki programu mpya, kisha kichomoe, hesabu hadi 30, kichomeke. Andika kwenye karatasi taa inaanza na rangi gani, inapepesa mara ngapi, inachukua sekunde ngapi hadi picha itokee, na inatulia vipi. Zima kwa rimoti, andika. Kisha fungua waya wa kebo kwa nyuma, subiri dakika moja, tazama kama taa inabadilika. Kama haibadiliki, andika hivyo kwa herufi kubwa: TAA HII HAIJUI MAWIMBI. Rudisha waya, kaza kwa vidole tu, bandika karatasi chini ya kisanduku. Kama una modemu kwenye waya uleule, itoe nyuma ya pazia.